Sindano ya Ng'ombe na Pampu ya Kagwiria

Benchi letu liko mbele ya gereji ya Mwenda, hapa Ruiri, pale njia ya mferejini inapoachana na barabara ya soko. Zamani lilikuwa benchi la kanisa, kabla kanisa halijanunua viti vya plastiki, ndiyo maana ukilikalia unajikuta umenyoosha mgongo hata kama unachosema ni uongo mtupu. Mimi ni Shueib, nauza kahawa. Nilizaliwa Majengo, Meru mjini, na nilipohamia huku miaka minane iliyopita niliambiwa nitafunga biashara kwa wiki moja, kwa sababu Wameru wanalima kahawa na kunywa chai. Sijafunga mpaka leo. Birika langu linakaa juu ya jiko la makaa mwisho wa benchi, na kila asubuhi wanakuja wale wale. Mwenda ndiye mwenye gereji, fundi wa injini ndogo, maneno machache na mikono myeusi. Mbaabu ni wa bodaboda, tumembandika jina la Turbo kwa sababu pikipiki yake hutangulia kusikika, yeye mwenyewe hufika baadaye. Na Ndwiga ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa Embu aliyeoa huku akakwama. Yeye tunamwita Mwalimu Pai, na sijaona jambo chini ya jua ambalo hajajaribu kulizidisha kwa ishirini na mbili juu ya saba.

Jumanne hiyo katikati ya benchi kulikuwa na mgonjwa: pampu ya maji ya Kagwiria, imelazwa juu ya gunia, na mwenyewe amesimama kando yake mikono kiunoni. Kagwiria, ambaye wengi tunamwita Mama Joyline kwa jina la bintiye, analima vitunguu nusu eka chini ya mfereji. Mwaka huu kamati ya mfereji ilipitisha sheria kwamba injini ya pampu isizidi cc mia. Sheria nzuri, sikatai. Wa juu akivuta na pampu kubwa, wa chini anabaki na matope. Lakini stika ya pampu ya Kagwiria ilishabanduka zamani, na jana yake mwenyekiti wa kamati, Muthamia, alipita shambani, akasimama, akategesha sikio, akatoa hukumu: inanguruma sana hii, haiwezi kuwa ya cc mia, itoke majini mpaka ushahidi uletwe. Zamu ya Kagwiria ya maji ilikuwa Jumanne hiyo hiyo, saa nne. Ikimpita, zamu nyingine ni baada ya siku tisa. Na vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kutunga vichwa. Vikikosa maji siku tisa wakati huo, unavuna vitu vya ukubwa wa kifungo cha shati. Mimi nilikuwa nimekasirika tangu naambiwa. Injini inahukumiwaje kwa sauti?

Kagwiria: Saa ngapi sasa?

Mimi: Saa mbili na nusu, Mama Joyline. Kunywa kahawa.

Kagwiria: Nitakunywa vitunguu vikishakunywa. Mwenda, niambie hii kitu ni cc ngapi. Na uniambie mbele ya watu.

Mwenda: Stika ingekuwa hapa...

Kagwiria: Stika haiko. Mimi niko.

Turbo: Mathe, usijali. Hiyo ni kitu rahisi. Angalia tangi ya petroli. Inaingia lita moja na nusu, si ndio? Hiyo ni cc elfu moja mia tano.

Mwenda: Wewe unataka kumfunga.

Turbo: Ngoja, sijamaliza. Hiyo ni tangi ya *petroli*. Cc ya injini unahesabu na watu. Nduthi yangu, hii pikipiki, ni mia na hamsini, inabeba watu watatu. Kila mtu ni hamsini. Sasa hii pampu inabeba watu wangapi?

Mimi: Haibebi mtu.

Turbo: Basi! Ni sifuri. Mwambie mwenyekiti ni sifuri, arudi nyumbani.

Kagwiria hakucheka. Sisi wengine tulicheka kidogo, tukaona uso wake, tukanywa kahawa.

Mwalimu: Turbo, kelele nayo utaipima kwa watu? Maana shtaka la mwenyekiti ni kwamba inanguruma.

Turbo: Hapo ndipo alijichoma mwenyewe! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kama inavuma hivyo, ndani ni tupu. Cc hakuna.

Mwalimu: Hiyo methali haikutungwa kwa injini.

Turbo: Na pai ilitungwa kwa injini?

Mwalimu: Ndiyo! Silinda ni duara lililonyooshwa. Nipe upana wa silinda, nipe urefu wa safari ya pistoni, kutoka chini mpaka juu. Nitakupa cc yako kabla Shueib hajamimina kikombe cha pili.

Kagwiria: Mwalimu, mimi sikusoma hiyo. Cc mimi ninajua ya sindano. Ng'ombe yangu ilikohoa mwezi wa pili, ikadungwa cc ishirini, nikaona kwa macho yangu, ishirini. Cc ya injini ni ingine?

Mwenda alikuwa anakunywa. Akashusha kikombe polepole.

Mwenda: Sio ingine.

Mwalimu: Ni ile ile.

Mwenda: Sindano. Mama Joyline, wewe umesema kitu. Nikijaza silinda na oili kwa sindano, nikihesabu, si nitajua inameza ngapi?

Akavuka barabara bila kumaliza kahawa. Ng'ambo kuna duka la dawa za mifugo lililofunguliwa wiki mbili kabla ya siku hiyo, na mwenye duka ni dada mmoja kutoka Maua anayeitwa Jawahir. Wengine hapa walikuwa bado wanamwangalia kama bidhaa ambayo hujui kama utainunua. Mwenda alirudi ameshika sindano ya plastiki, ile kubwa ya cc hamsini isiyo na ncha. Jawahir alikuwa amemwambia aiazime nusu saa tu.

Sasa tazama fundi akifanya kazi, hapo ndipo ninapompendea Mwenda. Alifungua plagi, akaiinamisha pampu na kuiegemeza kwa tofali mpaka tundu la plagi likaangalia juu kabisa. Akalegeza vifungo vinavyosukuma valvu zote mbili, ili zenyewe zikae zimefungwa, oili isipate pa kutorokea. Akaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu, akawa anazungusha injini kwa mkono huku spoku ikipanda na kushuka juu ya pistoni, mpaka spoku ikazama chini kabisa. Hapo akaacha. Kisha akavuta oili kwenye sindano, akaanza kuhesabu.

Turbo: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenda, ukiwa hapo chini angalia kama wameandika ndani.

Mwenda: Nyamaza, nitapoteza hesabu.

Mwalimu naye hakukubali kuachwa nyuma. Alichukua chaki, akasimama mbele ya geti la mabati la gereji. Wakati Mwenda anazungusha injini, yeye alikuwa ametia alama kwenye spoku ikiwa juu na ikiwa chini, akapima katikati kwa rula yake: sentimita tatu nukta nane. Upana wa silinda hakuhitaji kuupima, kwa sababu mwaka uliopita Mwenda alibadilisha ringi za pistoni ya pampu hiyo hiyo, na pakiti ilikuwa bado imening'inia ukutani: milimita hamsini na sita. Kwa hiyo pale mbele ya macho yetu mashindano yalianza, sindano upande mmoja, chaki upande wa pili, na Kagwiria katikati anaangalia jua.

Ndipo Muthamia akafika. Saa tatu kasorobo, koti limefungwa vifungo vyote, daftari la kamati kwapani.

Muthamia: Muga.

Sisi: Muga mono.

Baada ya salamu hizo za Kimeru alikaa. Nikammiminia, kwa sababu mteja ni mteja. Muthamia si mtu mbaya, wacha niseme ukweli. Mwaka wa kiangazi kile kikali alilala mferejini siku nne akizibua mchanga na wenzake. Lakini tangu apewe lile daftari amekuwa haongei na watu, anaongea na mkutano.

Muthamia: Nimeona nije mwenyewe, mambo yaende kwa uwazi. Mama Joyline, kamati haina ugomvi na wewe.

Kagwiria: Kamati iko na ugomvi na pampu yangu. Na hiyo pampu ndio mimi.

Muthamia: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kagwiria: Hii guu imepanda hii milima na hiyo pampu mgongoni miaka tatu. Haikuvunjika. Wewe nyamaza, fundi anahesabu.

Mwenyekiti kuambiwa anyamaze! Turbo aliingiza uso kwenye kikombe. Mwenda wakati huo alikuwa ameshasukuma sindano ya kwanza, hamsini. Akavuta ya pili, akasukuma taratibu, anasubiri mapovu ya hewa yatoke. Hamsini. Akavuta ya tatu. Nilijikuta naomba oili ifurike hapo hapo. Haikufurika. Ikaingia moja, mbili, tatu... ilipofika saba oili ikang'aa ukingoni mwa tundu, ikasimama.

Mwenda: Mia na saba.

Muthamia alifungua daftari. Hakufurahi, hilo naweza kuapa, ila alifungua daftari.

Turbo: Ngoja, ngoja, mwenyekiti, usiandike! Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenda, mwaga saba. Zibaki mia.

Mwenda: Nikimwaga oili silinda itapungua?

Turbo: Mimi nasaidia, na wewe unaleta maswali.

Kagwiria: Mwalimu. Ya chaki inasema aje?

Mwalimu alikuwa bado ametupa mgongo. Chaki ilikuwa imesimama. Aliangalia geti, akaangalia tena, akajikuna shingo.

Kagwiria: Mwalimu, nimekuuliza.

Mwalimu: Mia tatu sabini na nne.

Turbo: Ngapi?

Mwalimu: Mia tatu sabini na nne. Na nusu kidogo.

Turbo: Buda! Hiyo ni nduthi yangu mara mbili na nusu! Mathe, weka magurudumu, twende Nairobi na abiria!

Muthamia: Hesabu ya mwalimu inasema mia tatu. Ya fundi inasema mia na saba. Zote zimepita mia.

Turbo: Mwenyekiti, hiyo ni hesabu ya muguka. Usiangalie mtu wa Embu asubuhi.

Mwalimu: Majani ya muguka sijatafuna tangu nistaafu! Pai haidanganyi. Lakini kuna jambo hamjalifikiria. Hewa ya huku ni nyepesi, tuko karibu na mlima. Injini ya cc mia iliyopimwa Mombasa ikifika Ruiri inafanya kazi ya themanini na kitu. Sheria yenu haikusema ni cc za wapi!

Turbo: Mia tatu ya huku itakuwa ngapi ya Mombasa?

Mwalimu: Usinichanganye.

Turbo: Na tukiipeleka Kianjai? Huko si ni chini kidogo? Na ukimwagilia jioni, hewa imepoa? Mwenyekiti, andika: pampu ipimwe kila kituo.

Walikuwa wanampigania, najua. Kila mmoja alikuwa anaokota jiwe lolote lililo karibu na kurusha. Lakini nilimwona Kagwiria. Alikuwa amechuchumaa karibu na pampu, anafuta oili kwenye mabati yake kwa ncha ya leso, polepole, mahali pale stika ilipokuwa. Niliumia. Mwanamke huyu amenunua pampu kwa mavuno mawili ya vitunguu, na sasa inamnyang'anya mavuno mengine kwa sababu ya cc saba za oili.

Kagwiria: Mwalimu, miaka arobaini umefundisha watoto yetu. Hata Joyline ulimfundisha. Leo mkono yako ndio imenifungia maji.

Mwalimu: Mama Joyline, siwezi kuandika uongo.

Kagwiria: Sijakuambia uongo. Nimekuambia ukweli wangu haiwezi kuwa mia tatu. Hii pampu ninabeba na mkono moja!

Muthamia: Mimi naandika mia na saba, ndiyo ndogo. Hiyo nimemwonea huruma. Pampu haitaingia mfereji sizoni hii.

Kagwiria: Usiandike.

Muthamia: Mama...

Kagwiria: Nimesema usiandike. Saa nne haijafika. Ikifika, hayo maji ni yangu.

Wakati huo huo Jawahir alikuwa anavuka barabara, kanga begani, hasira ya mtu aliyeacha mteja dukani.

Jawahir: Salaam. Sindano yangu iko wapi? Nusu saa imegeuka saa nzima. Kuna mzee ana ng'ombe anatetemeka pale nje.

Mwenda: Samahani dada. Tumemaliza. Nitaiosha.

Jawahir: Imefanya nini na oili? Mnadunga pampu?

Turbo: Tunapima cc. Imekula mia na saba, sheria ni mia. Pampu imefungwa jela.

Jawahir aliangalia tundu la plagi lililojaa oili, akaangalia sindano mkononi mwa Mwenda, akaangalia mwenyekiti na daftari. Nilidhani atachukua kitu chake aende. Aliichukua kweli, akaishika kama anavyoishika kazini, kidole gumba nyuma, akasukuma hewa.

Jawahir: Hiyo pistoni si ni kama hii ya sindano? Inapanda, inashuka?

Mwenda: Ni hivyo hivyo.

Jawahir: Ikipanda mpaka mwisho inagusa kifuniko?

Mwenda: Aa-a. Ikigusa imevunjika.

Jawahir: Kwa hiyo juu inabaki nafasi.

Mwenda: Lazima. Ndipo moto unapowakia.

Jawahir: Ya cc ngapi?

Mwenda akamwangalia Mwalimu. Mwalimu akamwangalia Turbo, na mtu akifika mahali pa kumwangalia Turbo ujue elimu imekwisha. Kalamu ya Muthamia ilikuwa hewani. Hakuna aliyejua.

Jawahir: Mimi nikidunga ng'ombe cc kumi, ni zile kumi nimesukuma zikaingia. Kuna tone linabaki hapa shingoni mwa sindano kila siku. Hilo si la ng'ombe. Nikimhesabia mwenye ng'ombe hilo tone nitakuwa mwizi. Sasa nyinyi mmehesabu hata linalobaki shingoni.

Kagwiria alisimama.

Kagwiria: Dada, rudia.

Jawahir: Cc ni ile inasukumwa, mama. Ile inakaa haihesabiwi.

Mwenda: Hiyo ndio kazi ya injini! Inasukuma! Pistoni inafagia kutoka chini mpaka juu, hiyo ndio wanaandika kwa stika! Mimi ni fundi wa nini!

Sijawahi kumsikia Mwenda akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara hii hakuna aliyeikosea methali. Mwenda aliishika pampu akaipindua, oili yote ikamwagika kwenye karai. Akairudisha juu ya tofali, akaingiza spoku, akazungusha mpaka spoku ikapanda hadi mwisho wake. Jawahir mwenyewe ndiye aliyevuta oili. Mzee wa ng'ombe alikuwa amevuka barabara naye, amesimama nyuma yetu, haulizi tena habari za ng'ombe.

Jawahir: Tano. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili...

Oili ikang'aa ukingoni.

Jawahir: Kumi na tatu.

Mwenda: Mia na saba, toa kumi na tatu.

Turbo: Tisini na nne! Tisini na nne, mathe! Hata mimi hiyo nimeweza!

Muthamia: Mwalimu amepata mia tatu sabini na nne. Hatuwezi kuchagua hesabu inayotupendeza.

Ukweli alikuwa na haki, na ndiyo maana nilimchukia dakika hiyo. Mwalimu Pai alikuwa amerudi kwenye geti. Alisimama karibu sana na mabati, miwani ikigusa chaki, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kisha bega lake likashuka.

Mwalimu: Sikugawanya upana.

Muthamia: Nini?

Mwalimu: Pai unaizidisha na nusu ya upana, mara nusu ya upana. Mimi nimetia upana wote, mara mbili. Ni kosa la mtoto wa darasa la saba. Miaka arobaini nimewachapa watoto kwa kosa hili.

Turbo: Mimi ulinichapa!

Mwalimu: Nilikuchapa, Mbaabu. Unisamehe.

Hakuzunguka wala hakutafuta hewa ya Mombasa. Aligawanya jibu lake kwa nne, chaki inalia kwenye mabati, akaandika kubwa mpaka mtu wa ng'ambo angeweza kusoma: 93.6. Akageuka, akampa Kagwiria mkono, na Kagwiria akaushika kwa mikono yote miwili.

Kagwiria: Hiyo mkono sasa imefungua.

Mwalimu: Mwenyekiti, sindano na chaki zimekutana. Andika tisini na nne.

Muthamia alikunja uso. Watu walikuwa wameongezeka, kama kumi na watano, na mtu mwenye daftari hapendi kushindwa mbele ya watu kumi na watano.

Muthamia: Sheria ya kamati inasema cc mia. Haikusema ya kusukuma ama ya kukaa. Nimeshuhudia kwa macho yangu silinda ikimeza mia na saba. Kamati inaenda na ile imeshuhudiwa.

Kagwiria: Muthamia!

Muthamia: Ndio msimamo wa kamati.

Jawahir alikuwa anafuta sindano kwa kitambaa. Aliuliza bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza bei.

Jawahir: Mzee, na wewe una pampu?

Muthamia: Niko nayo. Yangu iko halali. Iko na stika, tisini na nane.

Jawahir: Hiyo tisini na nane ni ya stika. Tukiijaza oili, itameza ngapi?

Muthamia aliangalia oili kwenye karai. Aliangalia sindano. Aliangalia geti, Mwalimu akiwa bado ameshika chaki, tayari kuongeza kumi na kitu kwenye tisini na nane kwa mtu yeyote atakayemwomba. Kalamu ya mwenyekiti ilirudi mfukoni, na daftari likarudi kwapani.

Kagwiria hakungoja jibu.

Kagwiria: Mwenda, funga plagi. Saa ngapi, Shueib?

Mimi: Saa nne kasoro dakika kumi na tatu.

Mwenda alimwaga oili, akarudisha vifungo vya valvu, akakaza plagi.

Kagwiria: Washa nisikie.

Mwenda: Bila maji hapana, mpira wa ndani utaungua. Utaiwashia huko. Lakini nakuambia ukweli, ndani kumebaki oili. Itasumbua. Itatoa moshi mweupe kama kumechomwa majani. Vuta kamba tu, usichoke.

Kagwiria: Kuchoka nitachoka mwezi ujao.

Alipanda pikipiki ya Turbo, pampu akaipakata kama mtoto, na kabla Turbo hajaondoka alimgeukia Muthamia.

Kagwiria: Mwenyekiti, ukitaka kunitoa kwa maji, njoo na sindano yako. Uanze na ya kwako.

Wakateremka njia ya mferejini. Jawahir naye akavuka barabara na mzee wake, sindano aliyoifuta ikimning'inia mkononi, na nikasikia akimwambia kwamba hiyo imeshakuwa ya pampu, ng'ombe atapata mpya. Watu wengine wakatawanyika, tukabaki wanne: mimi, Mwenda, Mwalimu na Muthamia. Mwenyekiti angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alikaa wima kwenye benchi la kanisa, anasikiliza upande wa bondeni, na sisi pia tukawa tunasikiliza.

Saa nne ikafika. Kimya.

Saa nne na dakika tano. Tukasikia kamba ikivutwa, mara moja, mara mbili, injini ikakohoa, ikanyamaza. Mwenda alikuwa anauma ukucha wenye grisi.

Muthamia: Haiwaki.

Kamba tena, na tena. Moshi mweupe ukapanda juu ya migomba, mdogo, kisha mwingi, kisha mwingi zaidi. Na ndipo ikashika. Ilinguruma mpaka mbwa wa sokoni wakaanza kubweka, ilinguruma vile vile alivyosema mwenyekiti, na haikukatika. Mwenda alifunga macho. Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mwalimu: Ni kweli, mwenyekiti. Inanguruma.

Muthamia alikaa kidogo. Kisha akaninyooshea kikombe bila kuniangalia, nimwongezee.

Nilimwambia kahawa imekwisha. Birikani kulikuwa na vikombe viwili vizima, na wala sikujuta.